Otto Röhm: mkemia wa ngozi aliyetupatia kioo cha plastiki

Ukitazama taa ya nyuma ya gari linalopita barabara ya kijijini kwenu, kile kifuniko chekundu kinachong'aa mara nyingi si kioo cha kawaida. Ni plastiki ngumu inayoitwa akriliki. Plastiki hiyohiyo hutumika kutengeneza ufizi wa rangi ya waridi unaoshika meno ya bandia ya babu. Na huenda imo ndani ya jicho la bibi yako, kama alifanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho na sasa anachambua mchele mwenyewe. Ndugu wengine wa plastiki hii wamo kwenye rangi za ukutani, vanishi na gundi.

Watu wengi walishiriki kuifikisha akriliki hapa tulipo. Lakini aliyeanza mapema na kung'ang'ania kwa muda mrefu zaidi ni Mjerumani mmoja, Otto Röhm. Leo tunasimulia maisha yake. Wafugaji na wachuna ngozi miongoni mwenu mtaona kwamba safari yake ilipita mahali mnapopafahamu vizuri: kwenye ngozi mbichi, chokaa na harufu mbaya.

Kijana wa duka la dawa

Otto Röhm alizaliwa tarehe 14 Machi 1876 katika mji mdogo wa Öhringen, kusini mwa Ujerumani. Alianza maisha ya kazi akiwa mwanafunzi katika duka la dawa. Enzi hizo mwenye duka la dawa hakuuza vidonge vilivyofungwa kiwandani kama leo. Alipima, alichemsha, alichuja na kuchanganya dawa mwenyewe, na kijana aliyemsaidia alijifunza kutumia mizani, moto na pua yake. Pua hiyo itakuja kumfaa sana Röhm, kama tutakavyoona.

Baadaye alisomea famasia mjini Munich, kisha akaenda Chuo Kikuu cha Tübingen kusomea kemia. Huko, mwaka 1901, alipata shahada ya udaktari. Utafiti wake ulihusu vitu vinavyotokana na asidi ya akriliki vinapojiunga vyenyewe kwa vyenyewe.

Hapa tusimame kidogo tueleze jambo hili, maana bila hilo hadithi haitaeleweka. Fikiria shanga zilizotawanyika mezani. Kila shanga ni molekuli moja ndogo. Zikiwa zimetawanyika hivyo, ni kimiminika chepesi kama maji, chenye harufu kali. Ukizitunga kwenye uzi mmoja mrefu, shanga elfu kwa elfu, unapata kitu kingine kabisa: kigumu, kisichomiminika. Uzi huo mrefu wa molekuli ndio unaoitwa polima. Plastiki zote ni polima. Hata mpira wa asili, pamba na wanga wa muhogo ni polima.

Katika jamii ya akriliki, kila molekuli ndogo ina mahali ambapo atomu mbili za kaboni zimeshikana kwa mikono miwili. Joto, mwanga au kemikali ya kuanzishia ukiachanisha mkono mmoja, mkono huo hushika molekuli jirani, naye hushika jirani yake, na mnyororo huendelea kurefuka kwa kasi. Wakati huo joto jingi hutoka.

Mwaka 1901 wakemia hawakuwa na picha hii. Waliona tu kwamba kimiminika kikikaa kinageuka kuwa kitu kinachonata au kigumu, na wengi walikiona kuwa uchafu wa kuoshwa kwenye chupa. Ni mwaka 1920 ndipo Mjerumani mwenzao, Hermann Staudinger, alipoanza kutetea hadharani wazo la minyororo mirefu, na alibishiwa kwa miaka mingi. Kwa hiyo Röhm kijana alichagua kuchunguza kitu ambacho hakikuwa na jina zuri wala soko. Alimaliza masomo akiwa na maarifa ambayo hakuna mwajiri aliyeyahitaji.

Harufu iliyomlipa

Alihitaji kula, kwa hiyo alitafuta kazi. Aliajiriwa kuwa mkemia katika kiwanda cha gesi cha mji wa Stuttgart. Kiwanda hicho kilitengeneza gesi kutokana na makaa ya mawe, na mabaki yake yalikuwa maji machafu yanayonuka.

Harufu ile ilimkumbusha Röhm viwanda vya ngozi. Wanaojua kazi ya ngozi wanafahamu hatua zake. Ngozi mbichi hulowekwa kwenye maji ya chokaa ili manyoya yatoke. Inapotoka humo imevimba na kukakamaa. Kabla ya kuitia kwenye magome ya miti au dawa ya kuizuia isioze, lazima chokaa itolewe na ngozi ilainishwe. Kwa karne nyingi Ulaya kazi hiyo ya kulainisha ilifanywa kwa kinyesi cha mbwa au cha ndege, kilichokorogwa kwenye maji ya uvuguvugu. Kulikuwa na maskini walioishi kwa kuokota kinyesi cha mbwa mitaani na kukiuza kwa wenye viwanda. Wafanyakazi waliingiza mikono humo siku nzima. Kazi ilinuka, ilileta magonjwa, na pia haikutabirika: kinyesi cha leo kililainisha vizuri, cha kesho kikaharibu ngozi nzima.

Röhm alifikiri kwamba, kwa kuwa maji ya gesi na maji yale ya kinyesi yananuka kwa kufanana, huenda yana kemikali moja inayofanya kazi. Alijaribu kutengeneza dawa ya kulainishia ngozi kutokana na maji ya gesi. Alipata mafanikio nusu. Dawa yake ilitoa chokaa, lakini haikulainisha ngozi ipasavyo. Pua ilikuwa imemwonyesha njia, ila haikumfikisha.

Hakukata tamaa, wala hakujidanganya kwamba dawa imekamilika. Alirudi kwenye vitabu. Wakati huo Mjerumani mwingine, Eduard Buchner, alikuwa amekwisha kuonyesha kwamba vimeng'enya, yaani vichocheo vinavyotoka kwenye viumbe hai, hufanya kazi hata nje ya kiumbe. Buchner alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1907 kwa kazi hiyo. Röhm akaunganisha mambo: kinacholainisha ngozi ni vimeng'enya vilivyotoka tumboni mwa mnyama, vilevile vinavyosaga nyama ndani ya utumbo. Na kama ni hivyo, hakuna haja ya kinyesi. Vimeng'enya hivyo hutoka kwenye kongosho, na machinjio yalikuwa yakitupa makongosho kila siku.

Alichanganya vimeng'enya vya kongosho na chumvi za amonia zinazotoa chokaa. Dawa hiyo aliiita Oropon. Ilifanya kazi ileile kila siku, kwa kipimo kilekile. Kwa maelfu ya wafanyakazi wa viwanda vya ngozi, ndiyo iliyowatoa kwenye mapipa ya kinyesi.

Rafiki aliyevuka bahari

Röhm alikuwa na rafiki aitwaye Otto Haas, mfanyabiashara, aliyewahi kufanya kazi Marekani. Haas alirudi Ujerumani, na tarehe 6 Septemba 1907 wawili hao walifungua kampuni iliyoitwa Röhm & Haas katika mji wa Esslingen. Mmoja alijua kemia, mwingine alijua kuuza. Mwaka 1909 kampuni ilihamia mji wa Darmstadt, na mwaka huohuo Haas akavuka tena bahari kwenda kufungua tawi Philadelphia, Marekani. Vita ya Kwanza ya Dunia ilipokuja, nchi zao zikawa maadui, na tawi la Marekani likawa kampuni inayojitegemea. Lakini uhusiano wa wawili hao haukufa.

Röhm aliendelea kufikiria vimeng'enya vinaweza kufanya nini kingine. Kama vinasaga mabaki ya nyama kwenye ngozi, vitashindwaje na madoa ya damu, maziwa au chakula kwenye nguo? Mwaka 1914 kampuni yake ilitoa sokoni dawa ya kulowekea nguo iliyokuwa na vimeng'enya, jina lake Burnus. Sabuni nyingi za unga tunazonunua leo zina vimeng'enya, ingawa siku hizi havitoki tena kwenye makongosho. Hutengenezwa kwa kutumia bakteria na viumbe vingine vidogo. Njia hiyo Röhm ndiye aliyeifungua.

Kurudi kwenye kazi ya ujana

Mtu mwingine angeishia hapo. Biashara ya ngozi ilikuwa nzuri. Lakini Röhm hakuwa amesahau utafiti wake wa mwaka 1901. Kampuni ilipoanza kupata fedha alirudi kwenye akriliki, na mwaka 1912 alipata hataza ya kutengeneza kitu kama mpira kutokana nayo. Vita ikaja, kazi ikasimama.

Baada ya vita alianza tena, akisaidiwa na mkemia aitwaye Walter Bauer. Tatizo kubwa lilikuwa gharama: kuzipata zile molekuli ndogo kwa bei ambayo mteja angeweza kulipa. Bauer alipata njia, na kufikia mwaka 1928 kampuni ilikuwa ikiuza kioo cha usalama kwa jina la Luglas: vioo viwili vya kawaida, katikati yake utando laini wa akriliki. Kioo kikivunjika, vipande vinabaki vimenata kwenye utando badala ya kumrukia abiria usoni. Vioo vya mbele vya magari hata leo hutengenezwa kwa mpango wa namna hiyo, ingawa utando wa katikati ni wa plastiki nyingine.

Kisha wakajaribu ndugu mwingine wa ukoo huo: methili methakrileti. Inasimuliwa kwamba chupa ya kimiminika hicho iliachwa karibu na dirisha, mwanga wa jua ukakifanya kijiunge chenyewe, chupa ikapasuka, na palipokuwa na kimiminika pakabaki bonge gumu linalopitisha mwanga. Walipojaribu kukigandisha kati ya vioo viwili, wakitarajia kitanata kama kile cha kwanza, hakikunata. Kilitoka chenyewe kikiwa bamba safi kama kioo, chepesi kwa zaidi ya nusu. Kwa kazi waliyoitaka, hilo lilikuwa jaribio lililoshindwa. Kwa bahati, walijua kuangalia kilichotoka.

Mwaka 1933 waliliandikisha jina Plexiglas. Tangu Röhm amalize utafiti wake chuoni ilikuwa imepita miaka 32.

Hakuwa peke yake. Uingereza, wakemia Rowland Hill na John Crawford wa kampuni ya ICI walifikia plastiki hiyohiyo katika miaka hiyo. Crawford alibuni njia nafuu ya kuitengeneza, na kuanzia mwaka 1934 iliitwa huko Perspex.

Ukoo mmoja, tabia tofauti

Sasa tuwaeleze kwa nini ukoo huu una kazi nyingi hivyo. Kila shanga kwenye mnyororo wa methakrileti ina mkia mdogo unaoning'inia pembeni. Urefu wa mkia huo ndio unaoamua tabia.

Kwenye methili methakrileti mkia ni mfupi, wenye kaboni moja. Minyororo hulala karibu karibu, na plastiki huwa ngumu. Haianzi kulainika mpaka joto lifikie karibu nyuzi 105 za Selsiasi. Hupitisha takriban asilimia 92 ya mwanga, na jua haliigeuzi haraka kuwa ya njano kama linavyofanya kwa plastiki nyingi.

Kwenye butili methakrileti mkia ni mrefu, wenye kaboni nne. Mkia huo husukuma minyororo iachane, kama watu waliobeba matenga wasivyoweza kubanana kwenye foleni. Polima yake hulainika kwenye joto la karibu nyuzi 20 tu. Kwa hiyo katika joto letu la mchana ni laini na inapinda bila kuvunjika. Haifai dirisha, lakini inafaa kwenye rangi, vanishi, gundi na wino, mahali panapotakiwa utando unaoshika na usiopasuka. Watengenezaji huipata kwa kuchukua methili methakrileti na kubadilisha ule mkia mfupi kwa kutumia kileo kiitwacho butanoli. Mara nyingi huzichanganya shanga za aina mbili kwenye mnyororo mmoja ili kupata ugumu wanaoutaka.

Namna zinavyochakaa nayo hutofautiana. Methili methakrileti ikipashwa joto la zaidi ya nyuzi 300, mnyororo hufumuka kama uzi wa sweta, shanga zikaachana, na kimiminika cha mwanzo kikarudi. Ndiyo maana mabaki yake yanaweza kurejelezwa kiwandani kuwa plastiki mpya. Butili nayo hufumuka kwa moto, ila sehemu ya mikia yake hukatika njiani.

Adui mkubwa wa butili ni mwanga. Katika miaka ya 1950, Mmarekani Robert Feller alichunguza vanishi za namna hiyo zilizokuwa zikipakwa juu ya picha za thamani. Sifa ya vanishi nzuri ya picha ni kwamba ikichakaa inaweza kufutwa kwa kiyeyushi bila kuidhuru picha iliyo chini yake. Feller aliona kwamba polima ya butili ikikaa kwenye mwanga, minyororo hujifunga mmoja kwa mwingine kama wavu. Ikishakuwa wavu haiyeyuki tena, na wahifadhi wa picha walilazimika kutafuta aina nyingine isiyofungana.

Kwa sisi wa kawaida la kukumbuka ni moja: akriliki haiozi ardhini, na si ya kuchomwa nyumbani. Hushika moto kwa urahisi, na moshi wake huwasha macho na kifua.

Vita, kifo, na jicho la rubani

Mwaka 1937, kwenye Maonyesho ya Dunia mjini Paris, Plexiglas ilipewa tuzo. Watu walishangaa kuona fidla inayoonekana ndani na nje. Lakini wakati huo Ujerumani ilikuwa chini ya utawala wa Wanazi, na mteja mkubwa wa plastiki ile hakuwa mpiga fidla. Ndege za kivita zilihitaji vifuniko vya rubani vilivyo vyepesi na vyenye umbo la duara. Kiwanda cha Darmstadt kilivitengeneza. Hatuwezi kusimulia maisha ya Röhm na kuliruka hilo. Kitu alichokitafuta tangu ujana kilipata soko lake kubwa katika maandalizi ya vita.

Vita ilianza tarehe 1 Septemba 1939. Otto Röhm alifariki Berlin tarehe 17 mwezi huohuo, akiwa na umri wa miaka 63. Hakuiona vita ikifika mwisho, wala hakuliona jambo tunalomalizia nalo.

Upande wa pili wa vita, marubani wa Uingereza waliruka wakiwa wamefunikwa na Perspex, plastiki ileile kwa jina jingine. Risasi zilipopiga vifuniko hivyo, vipande vidogo viliwaingia baadhi yao machoni. Daktari wa macho Harold Ridley aligundua jambo la ajabu: vipande vya kioo cha kawaida huweza kuliudhi jicho vibaya, lakini vya plastiki hii vilikaa humo kimya, na jicho likavivumilia. Alijiuliza kama lenzi ya plastiki hiyo isingeweza kuwekwa kwa makusudi. Tarehe 29 Novemba 1949, katika hospitali ya St Thomas' mjini London, aliweka lenzi ya kwanza ya bandia ndani ya jicho la mgonjwa wa mtoto wa jicho. Madaktari wengi wenzake walimpinga kwa miaka mingi. Leo upasuaji huo hufanywa mara mamilioni kila mwaka. Kwenye kambi za macho zinazofika vijijini, lenzi ngumu za methili methakrileti zimetumika sana kwa sababu bei yake ni nafuu.

Tunaposema Röhm alikuwa mvumilivu, hatumaanishi alikaa akisubiri. Aliacha wazo lake kwa muda, akafanya kazi iliyohitajika na watu wa ngozi, na fedha ya ngozi ndiyo iliyolipia miaka ya majaribio. Wengi wetu tuna jambo tuliloliweka kando kwa sababu ya ada, kodi au mvua iliyochelewa. Röhm aliliweka lake kando miaka kadhaa, kisha akarudi kulichukua.

Kama nyumbani kwenu yupo mzee anayeona ukungu, usimwache akidhani ni uzee tu. Mpeleke kituo cha afya apimwe macho. Huenda dawa yake ni kipande kidogo cha plastiki hii tuliyoisimulia leo.